Ukiona Sanduku Lang'aa, Jua Limeundwa

Jioni moja nilimtuma mwanangu wa pili, aliye darasa la sita, aende mashineni kusagisha mahindi. Alibeba ndoo kichwani, na mfukoni alikuwa na noti moja ya shilingi 2,000. Kutoka nyumbani kwetu hapa Kharumwa hadi mashineni ni mwendo wa dakika kumi. Jua likazama, maji ya ugali yakachemka hadi yakapungua nusu, na mtoto hajarudi. Nilipotoka kumfuata niliikuta ndoo imewekwa pembeni ya mashine, mahindi yamo vile vile. Msagaji akaniambia, "Mama, zamu yake ilifika, lakini mwenyewe hakuwepo."

Nilimkuta nyuma ya duka moja, amesimama na wenzake watano mbele ya sanduku lenye taa za rangi. Noti ilikuwa imevunjwa kuwa sarafu kumi za shilingi 200, na zote kumi zilikuwa zimekwisha kumezwa. Nilikuwa nimeshainua mkono nimchape, lakini alichosema kikanizuia.

"Mama, ilikuwa imebaki kidogo tu."

Akina mama wenzangu, sisi tunaoishi katika ukanda huu wa dhahabu tunayajua maneno hayo. Mwanamume anayechimba duara miezi saba bila kuona kitu husema hivyo hivyo: mwamba uko karibu, imebaki kidogo. Kwa maneno hayo ng'ombe wameuzwa na mashamba yamewekwa rehani. Sasa niliyasikia kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na usiku ule sikulala.

Kesho yake nilirudi kwa kijana wa dukani. Alinisalimu kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Mimi nawekewa tu hii mashine. Mwenyewe anakuja kuifungua, tunagawana." Nilimuuliza nani aliitengeneza, naye akacheka. Hakujua, nami sikujua. Wengi wetu tunapigana na masanduku haya bila kujua yalitoka wapi wala yalijengwa kwa akili gani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Basi nikaamua kutafuta yalivyoundwa.

KASHA LISILO NA PEMBE

Kijana mmoja anayetengeneza simu hapa senta alinisaidia kutafuta habari na picha. Kati ya masanduku yote aliyonionyesha, moja lilinishangaza. Halikuwa na pembe hata moja. Lilisimama kama mtu aliyeinama kidogo mbele, shingo imenyooka, na usoni limebeba kioo cha televisheni. Chini ya kioo kulichomoza kibao chenye vitufe, kama mkono ulionyooshwa kukusalimu. Rangi yake ilimetameta kana kwamba imenyunyiziwa vumbi la madini.

Jina lake ni Computer Space. Lilitengenezwa Marekani mwaka 1971, na ndilo sanduku la kwanza la mchezo wa video wa kulipia sarafu lililotengenezwa kwa wingi na kuuzwa. Michezo yote ya skrini iliyoenea madukani, kwenye baa na kwenye mabanda duniani ilikuja nyuma yake.

Habari yake inaanza miaka tisa kabla. Mwaka 1962, vijana wa chuo cha teknolojia cha MIT, akiwamo Steve Russell, walitunga mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana kwenye skrini. Waliuita Spacewar!. Kompyuta waliyoitumia iliitwa PDP-1, na bei yake ilikuwa kama dola 120,000. Kwa hiyo waliocheza ni wataalamu na wanafunzi wa vyuo vichache vyenye fedha, nao walicheza bure, usiku, kazi za mchana zikiisha.

Mmoja wa vijana walioupenda mchezo huo ni Nolan Bushnell. Kijana huyu alikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakuwa nalo. Alipokuwa mwanafunzi katika jimbo la Utah, alifanya kazi kwenye bustani ya burudani iitwayo Lagoon, upande wa michezo ya kulipia. Kazi yake ilikuwa kumfanya mpita njia asimame, atazame, atie mkono mfukoni na kutoa sarafu. Basi alipouona mchezo wa kompyuta, wenzake waliona sayansi. Yeye aliona sarafu.

Shida ilikuwa bei. Nani angenunua kompyuta ya maelfu ya dola ili akusanye senti? Bushnell alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ampex huko California, na katika ofisi hiyo hiyo alikaa fundi mwenye umri mkubwa kidogo, Ted Dabney. Wawili hao wakaungana. Dabney akabuni njia ya kuisogeza nukta kwenye kioo cha televisheni ya kawaida kwa kutumia vipande vidogo vya umeme, bila kompyuta kabisa. Kwa hiyo, pamoja na jina lake kubwa, ndani ya Computer Space hamkuwa na kompyuta. Mlikuwa na televisheni ya nyeupe na nyeusi ya inchi 15, aina ya General Electric, pamoja na vibao vya umeme vilivyounganishwa kwa ustadi.

Kuna jambo moja dogo ambalo mama yeyote atalikumbuka. Warsha yao ya kwanza ilikuwa chumba cha kulala cha mtoto. Binti alihamishwa chumbani kwake ili baba apate mahali pa kuunganishia nyaya. Miaka mingi baadaye, kila mmoja wa wanaume hao wawili alisimulia kwamba binti aliyehamishwa alikuwa wa kwake.

SURA ILIFINYANGWA KWA UDONGO

Mwaka 1971 kampuni ya Nutting Associates ya mji wa Mountain View ilikubali kulitengeneza na kuliuza sanduku hilo. Wakati huo mashine za starehe kwenye baa zilikuwa makasha ya mbao yenye pembe nne. Bushnell hakutaka lake lifanane na mengine. Alichukua udongo wa kufinyangia akatengeneza umbo dogo kwa mikono yake, kama mtoto anavyofinyanga ng'ombe. Kisha umbo hilo likakuzwa na kutengenezwa kwa faiba, aina ile ile ya malighafi inayoundiwa boti tunazoziona Ziwa Victoria. Faiba ilikubali kupindwa, nayo ilikubali rangi ya kumetameta.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Mchezo ungekuwa ule ule ndani ya kasha la mbao. Jibu ni kwamba sarafu hutolewa kabla mtu hajacheza. Kabla ya kucheza, mteja hana cha kupima ila sura. Sura ile ilimwambia, "Mimi ni kitu cha kesho, njoo unijaribu." Mwezi Oktoba 1971 sanduku lilionyeshwa Chicago kwenye maonyesho ya wafanyabiashara wa mashine za sarafu, na hakukuwa na lingine la kufanana nalo.

Hata tangazo lake lilitengenezwa kwa hesabu. Kwenye karatasi iliyogawiwa kwa wanunuzi alisimamishwa mwanamke kijana kando ya sanduku, amevaa gauni jepesi linaloonyesha mwili. Hakuwa akicheza. Aliwekwa pale ili macho ya wanaume yafike kwenye sanduku kwa kupitia kwake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, sanduku hilo likaonekana katika filamu ya Soylent Green, iliyobuni maisha ya mwaka 2022. Katika filamu hiyo mtu tajiri anaishi na mwanamke kijana katika nyumba ya fahari, na wanawake wa namna hiyo wanaitwa "samani", maana wanapangishwa pamoja na nyumba. Huyo ndiye anayecheza na Computer Space sebuleni. Mwaka 2022 umekuja na kupita, na samani hatujawa. Lakini tukumbuke kwamba tangu siku za mwanzo, waliouza masanduku haya walijua wanamtega nani na wanamtumia nani kuwa chambo.

MBONA HALIKUPENDWA NA WOTE?

Pamoja na uzuri huo wote, Computer Space halikufanya maajabu sokoni. Yaliuzwa masanduku kati ya 1,300 na 1,500 hivi. Sababu zake zinatufundisha mengi.

Kwanza tuone mchezo wenyewe. Unatia senti 25, unapata kama dakika moja na nusu. Unaongoza roketi, na mbele yako kuna visahani viwili vya angani vinavyokufyatulia. Vitufe ni vinne: kugeuka kushoto, kugeuka kulia, kusukuma mbele na kufyatua. Ugumu uko hapa: ukiacha kubonyeza, roketi haisimami. Inaendelea kwenda, kama mtumbwi ulioachiwa kasia majini. Lazima uigeuze na kuisukuma upande wa pili ndipo ipunguze mwendo. Hayo ni mambo ya fizikia.

Sanduku la majaribio liliwekwa mwezi Agosti 1971 katika baa iitwayo Dutch Goose, karibu na Chuo Kikuu cha Stanford. Wateja wa pale wengi walikuwa wanafunzi, nao walilifurahia. Lakini lilipopelekwa kwenye baa za watu wa kazi za kawaida, mambo yalibadilika. Mtu aliyetoka kazini amechoka, ana glasi mkononi, hakutaka kusoma maelezo marefu ukutani mwa sanduku. Alitia sarafu moja, akashindwa, akaondoka. Bushnell mwenyewe alikiri baadaye kwamba mchezo wake ulikuwa mgumu mno kwa watu wa baa.

Karibu wakati huo huo, Septemba 1971, vijana wengine wawili, Bill Pitts na Hugh Tuck, waliweka pale Stanford sanduku lao liitwalo Galaxy Game. Wao walitumia kompyuta ya kweli iliyowagharimu kama dola 20,000, na wakatoza senti 10 kwa mchezo. Wanafunzi walipanga foleni, na sanduku likadumu hadi mwaka 1979. Lakini gharama ilikuwa kubwa mno, na biashara haikuenda zaidi ya chuo hicho.

Bushnell na Dabney walijifunza haraka. Juni 1972 walianzisha kampuni yao, Atari, wakamwajiri mhandisi kijana aitwaye Al Alcorn, naye akatengeneza Pong: mpira mmoja, vibao viwili, na kitasa cha kuzungusha. Maelezo yake yalikuwa mafupi kiasi kwamba hata mtu aliyelewa angeelewa. Kazi yako ni kutoukosa mpira. Sanduku la kwanza liliwekwa kwenye baa ya Andy Capp's katika mji wa Sunnyvale. Baada ya muda mfupi wakaitwa kwamba mashine imeharibika. Alcorn alipoifungua alikuta haina ubaya wowote. Chombo cha kupokelea sarafu kilikuwa kimefurika hadi mashine haiwezi kupokea nyingine. Masanduku ya Pong yaliuzwa zaidi ya 8,000.

Akina mama, hebu tutulie hapo kidogo. Katika mwaka mmoja tu watengenezaji walikuwa wameshaelewa kwamba sura nzuri inamsimamisha mtu, na kwamba mchezo rahisi unamfanya asiondoke. Ugumu wa Computer Space ulikuwa kama uzio: aliyeshindwa alirudi nyumbani na sarafu zake. Uzio huo waliuondoa kwa makusudi. Kwa hiyo mtoto anapokuambia, "Mama, ni rahisi tu, hata mdogo wangu anaweza," usidhani amekutuliza. Urahisi huo ndio ulioundwa.

UKOO WA PILI WA MASANDUKU

Lazima hapa nitenganishe mambo mawili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiyachanganya. Sanduku nililomkuta nalo mwanangu linafanana na Computer Space kwa taa, vitufe na tundu la sarafu. Lakini ni la ukoo mwingine.

Sanduku la mchezo wa video linauza muda. Unatia sarafu, unacheza, muda unaisha, sarafu hairudi na hakuna aliyekuahidi kwamba itarudi. Ukiwa na ustadi unacheza muda mrefu zaidi. Ni kama kununua tiketi ya mpira.

Sanduku ambalo vijana wetu wanaliita dubwi, au bonanza, ni mashine ya kamari. Babu yake ni wa zamani kuliko Computer Space. Mwishoni mwa karne ya 19, fundi aitwaye Charles Fey alitengeneza mashine iliyoitwa Liberty Bell huko San Francisco, yenye magurudumu matatu ya picha na zawadi ya sarafu kwa aliyebahatika. Dubwi la leo lina taa inayokimbia kuzunguka picha za matunda. Unatia sarafu, unabonyeza picha unayoitaka, taa inazunguka, inapunguza mwendo, kisha inasimama. Mara nyingi husimama jirani na picha yako, nyumba moja tu mbele. Hapo ndipo maneno ya "imebaki kidogo" yanapozaliwa.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichobaki. Taa iliyosimama jirani na taa iliyosimama mbali zote zimeshindwa sawasawa. Na hakuna ustadi unaokusogeza karibu zaidi mara ijayo. Lakini moyo wa binadamu haupokei hivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alieleza katika miaka ya 1950 kwamba njiwa anayepewa punje kila anapodonoa huacha upesi punje zikikatika. Lakini anayepewa mara moja moja, bila mpango anaoujua, huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana. Skinner mwenyewe aliifananisha hali hiyo na mashine za kamari. Ushindi mdogo wa hapa na pale ndio unaomfunga mchezaji.

Basi, mama, ukikuta mtoto wako mbele ya sanduku lolote, jiulize swali moja: sarafu ikiingia, mwanangu ananunua nini? Kama ananunua dakika za kucheza, hilo ni jambo la kupanga na kuwekea mipaka. Kama ananunua tumaini la kupata fedha, hiyo ni kamari, hata kama sanduku limechorwa maembe na tikiti maji.

Sheria yetu iko wazi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Mashine isiyo na leseni ya Bodi haina haki ya kuwekwa mahali popote. Jirani zetu wa Kenya nao yaliwafika. Mwaka 2018 serikali yao ilikamata mashine za namna hii zilizokuwa zimejaa vijijini na mitaani, nyingi zikateketezwa kwa moto.

DALILI AMBAZO MAMA ASIZIPUUZE

Kama muuguzi, nimesikia wazazi wakisema, "Huyu ni mkaidi tu, atachapwa ataacha." Huenda ni ukaidi. Lakini Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba kucheza kunaweza kuwa ugonjwa. Katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, yametajwa matatizo mawili: la kucheza kamari na la kucheza michezo ya kompyuta na simu. Dalili kuu ni tatu.

Kwanza, mtu hawezi tena kujizuia, iwe kuanza, kuacha au kupunguza. Pili, mchezo unapewa nafasi ya kwanza kuliko shule, kazi, chakula na watu. Tatu, anaendelea ingawa anaona madhara yake. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kama miezi 12 ndipo mtaalamu aitaje kuwa ugonjwa, ingawa ikiwa kali sana huweza kutambuliwa mapema zaidi.

Kwa hiyo tusiharakishe kumwita kila mtoto mgonjwa. Mtoto aliyecheza mara mbili si mgonjwa. Lakini angalia mambo ya nyumbani: chenji inayopotea mara kwa mara, uongo mdogo mdogo, kuchelewa kila anapotumwa, usingizi darasani, hasira asizokuwa nazo zamani. Ukiyaona kwa pamoja, usingoje. Zungumza naye, na ikibidi mpeleke kituo cha afya. Hakuna aibu kumwambia mhudumu kwamba mtoto, au hata mume, ameshindwa kuacha kucheza.

Kuhusu watoto wadogo, ushauri wa Shirika hilo wa mwaka 2019 ni mfupi. Mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini. Wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu si yaya, ingawa najua inavyonyamazisha kilio wakati mboga iko jikoni.

TUFANYE NINI?

1. Mtume mtoto na kiasi kamili, mpe na muda. Mwambie unamtarajia saa ngapi. Mtoto mwenye noti na jioni nzima mbele yake ameachiwa jaribu kubwa.

2. Mweleze sanduku lilivyoundwa. Kumwambia "usicheze" peke yake hakutoshi, maana atakwenda pa kujificha. Mtoto akijua kwamba taa zile ziliwekwa ili zimshike, hatapenda kuonekana mjinga. Watoto wa umri huu wanachukia sana kudanganywa.

3. Usikataze kila kitu. Michezo ya video yenyewe si adui. Wapo waliotoka kwenye mchezo hadi kwenye ufundi wa umeme na kompyuta. Kama kuna banda la gemu la televisheni karibu nawe, nenda ukalione mwenyewe. Nani analisimamia? Watoto wanalipa kiasi gani? Wanaweka dau? Kisha panga siku na muda.

4. Mtafutie mchezo mwingine. Mpira, bao, kwaya, kufuga sungura. Mtoto asiye na la kufanya saa kumi na moja jioni atalifuata lenye taa.

5. Nendeni wengi ofisini. Nilipokwenda kwa mwenye duka peke yangu nilionekana mama mwenye hasira. Tulipokwenda akina mama saba kwenye ofisi ya kijiji, tukiwa tumeandika siku na saa tulizowakuta watoto, tulisikilizwa. Sanduku lile likaondolewa nyuma ya duka.

PUNJE KUMI ZA MAHINDI

Sijamaliza habari ya mwanangu. Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula, nilimwita mezani. Baba yake alikuwapo, ametoka Kahama kwenye biashara yake ya mchele. Niliweka punje kumi za mahindi mbele ya mtoto nikamwambia, "Hizi ndizo sarafu zako. Tuonyeshe ilivyokuwa siku ile, moja baada ya nyingine. Hutachapwa."

Akaanza. Ya kwanza ilimezwa. Ya pili ilimezwa. Ya tatu ilirudisha nne, na hapo sauti yake ikachangamka kana kwamba alikuwa bado pale. Alizirudisha zile nne kwenye kundi. Kisha ikamezwa moja, ikamezwa nyingine, ikarudi mbili, zikamezwa zote. Mkono wake ulikuwa ukisogeza punje upande wangu, upande wangu, mpaka mbele yake pakabaki meza tupu. Alikuwa ameziona sarafu zikirudi, na hakurudi nyumbani na hata moja.

"Kwa hiyo zile nne zilikuwa za nani?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. "Zilikuwa za sanduku, mama. Lilinikopesha tu."

Hapo baba watoto, aliyekuwa kimya muda wote, akazikusanya punje mkononi mwake. Akasema polepole, bila kututazama, "Hata mimi lilinikopesha. Mwezi uliopita, kule Kahama. Fedha nilizosema zimekwama kwa mteja, hazikukwama."

Ningeweza kusema mengi. Fedha hizo nilikuwa nimezipangia sare za shule na bati mbili za jikoni. Lakini mtoto alikuwa anamtazama baba yake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, nami nikaona ni afadhali asikie baba akikiri kuliko amsikie mama akifoka. Nilimwambia tu, "Asante kwa kutuambia." Mengine tuliyazungumza wawili usiku, na hayakuwa mepesi. Tulikubaliana kwamba fedha ya mauzo ipite mikononi mwetu wote wawili kabla haijapangwa, na mpaka leo tunajitahidi kulishika hilo.

Masanduku hayajaisha. Liko moja ndani ya baa ya njia panda, na taa zake zinaonekana tangu barabarani. Watoto wanapita pale kila siku wakienda na kurudi. Siwezi kumfunga mwanangu macho.

Juzi nilimtuma tena mashineni, na noti ya shilingi 2,000 kama ile. Alirudi kabla maji hayajachemka, unga kichwani, akaweka chenji ya shilingi 500 juu ya meza. Sikuihesabu mbele yake. Nilimwambia anawe mikono, akae tule.